Muravumba wa Kabati la Chuma

Mwezi uliopita, asubuhi, nilikuwa nimeketi dirishani nikichambua maharagwe nilipomwona mwanamke mmoja, mkubwa kwangu kidogo, amesimama mbele ya ua wangu wa muravumba. Hilo peke yake si ajabu. Mtaa wetu wote hapa Ndosho unajua kwamba mimea ile si yangu peke yangu. Mtoto akianza kukohoa, au tumbo likimkata, mama yake huja kuchuma, husema "Aksanti, mama Kanyere" huku ameshageuka, huenda zake. Lakini huyu hakusema kitu. Alichagua majani ya juu, yale machanga, akayafunga kwenye pindo la kitenge chake. Kisha akainama taratibu, mkono mmoja kiunoni, akaweka kitu kidogo juu ya jiwe la lava lililo chini ya shina. Hapo maharagwe yalinimwagikia mapajani. Maishani mwangu nimemjua mtu mmoja tu aliyechuma dawa namna ile, na tangu tulipotengana sikupata kujua kama mtoto wake aliishi. Nilitoka nje bila viatu. Nitasema nilichomwuliza, lakini kwanza lazima niandike habari za mwaka ule, na mimi huandika polepole, kama ninavyoshona.

Ulikuwa mwaka wa wakimbizi. Kwa mtu wa Goma maneno hayo yanatosha. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, nimemaliza shule ya msingi, kisha masista wakanifundisha kushona. Habari za ukoo wangu naziacha. Haziingii katika jambo hili. Ila lazima niseme juu ya haya yangu, maana watu wanaonijua leo, wanaonisikia nikigombana na madereva wa pikipiki, hawaamini. Sokoni nilinyoosha kidole kwenye kitu nilichotaka ili nisifungue kinywa. Kanisani nilichezesha midomo wakati wengine wakiimba. Masista walinipeleka kwa Padiri nishone vitambaa vya altare, wakamwambia kwamba mimi sitasumbua mtu yeyote. Lakini vitambaa vya altare vilingoja, kwa sababu wiki ileile Papa Kambale aliingia uani na lori la kabeji.

Papa Kambale alikuwa mtu wa Butembo, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Miaka mingi alikuwa mtunzaji wa mimea iliyokaushwa katika kituo kimoja cha zamani cha mashamba, huko juu, mbele ya Rumangabo. Vita vilipozidi, askari walilala ndani ya kituo na kuanza kuwashia moto kwa karatasi zake. Akaomba nafasi kwa dereva wa kabeji, wakalilaza kabati la chuma katikati ya shehena, na hivyo ndivyo alivyofika kwetu, amekaa juu ya kabati kama mtu anayelinda jeneza, kabeji zimemzunguka hadi magotini. Padiri alimpa chumba kirefu nyuma ya jiko, ambacho zamani mafundi walipigia randa. Kilikuwa bado na harufu ya mbao. Juu ya meza ya fundi tulipanga mawe ya lava tuliyoyaosha, mazito, ya kukandamizia karatasi, na harufu ya mbao ikaanza kuchanganyika na harufu nyingine, kavu, kali kidogo, kama ndani ya sanduku la nguo za bibi.

Kabati lilipofunguliwa nilielewa kwa nini waliniita mimi. Kila karatasi ngumu ilikuwa na mmea mmoja uliobanwa na kukaushwa, na barabara ya kutoka juu ilikuwa imeitikisa mimea yote. Vijiti vilikuwa vimechomoka, majani yamelegea. Rafu moja nzima ilikuwa ya muravumba tu. Wasomaji wa mbali huenda hawaujui: ni kichaka cha majani mazito yenye vinyweleo, yananata vidoleni, na ukiyasugua harufu inapanda hadi machoni. Mama zetu huyachemsha kwa kikohozi na kwa tumbo. Muravumba ule wa kabati ulikuwa umechumwa na watu mbalimbali, wazungu na wasaidizi wao, tangu kabla Papa Kambale hajazaliwa: mmoja wa Kibumba, mmoja wa Munigi, mwingine wa ukingoni mwa lava ya zamani, na mwingine tena wa Kibumba. Siku nzima nilijizuia, mwisho nikathubutu kumwuliza kwa nini walichukua kitu kilekile mara nyingi hivyo. Papa Kambale alifurahi mno kwamba nimesema kitu, hata akaweka kalamu chini.

"Mutu ukimupiga foto mara moja tu, utasema unamujua?" aliniuliza. "Huu wa huku unatoa maua mapema. Huu uliona mwaka wa jua kali, angalia majani yake madogo. Hii yote ni mutu mumoja, binti yangu, lakini foto zake ni za maisha muzima."

Alinifundisha kupitisha sindano nyuma ya karatasi, kuzungushia uzi kijiti, kamwe si jani, na kufunga fundo upande usioonekana. Na alinipa sheria moja, ambayo aliirudia kila siku kama sala. Nisile chochote chumbani. Nikitoka, ninawe kwa sabuni hadi kwenye viwiko kabla sijagusa hata pua yangu. Karatasi za zamani, alieleza, zilipakwa dawa iliyoitwa sublime, ili wadudu wasile mimea. "Ni sumu ya kweli," alisema. "Mududu akiuma jani hii anakufa. Mutu naye vilevile, isipokuwa mutu anachukua muda." Kisha alinitazama juu ya miwani ahakikishe nimeogopa vya kutosha. Niliogopa. Hadi leo nikinawa mikono nasikia sauti yake.

Ukuta kati ya chumba chetu na jiko ulikuwa wa mbao zilizoachana, kwa hiyo tulisikia yote. Mpishi alikuwa Mama Souzana, mama wa mwili mkubwa na kicheko kilichotangulia mlangoni kabla yake. Alimchokoza Papa Kambale kupitia ukutani, huku akisonga bugali.

"Papa Kambale! Umekimbia vita, umeacha kitanda, umeacha sufuria, umebeba majani! Mama watoto alisema nini?"

"Aliuliza kama ni ya kupika," Papa Kambale alijibu bila kuinua kichwa.

"Na wewe?"

"Nikamwambia ikipikwa, atakuwa mujane."

Mama Souzana alicheka mpaka mwiko ukaanguka. Adhuhuri alitupa bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga, au sombe ya majani ya muhogo, au viazi vya Kibumba na maharagwe, na tulikula uani, mikono ikinuka sabuni. Nikisimulia mwaka ule watu hutarajia niseme juu ya hofu tu. Hofu ilikuwepo. Lakini nakumbuka pia ladha ya sambaza wale, na kwamba kwa mara ya kwanza nilikuwa na watu wawili ambao mbele yao niliweza kula bila kujificha.

Kisha wakimbizi wa vita vya ng'ambo ya mpaka waliingia. Kwa siku nyingi barabara haikuonekana, ilikuwa vichwa na magodoro tu. Baada ya watu ulikuja moshi. Waliokaa Munigi na waliokaa Kibumba walihitaji kupika, na kilima baada ya kilima kilinyolewa. Kwanza miti, kisha vichaka, kisha nyua za watu, kisha mizizi. Muravumba nao ulikwenda, ingawa kuni zake ni laini na hazina moto. Kabla ya mwaka ule kila mama alikuwa na shina lake nyuma ya nyumba. Katikati ya kiangazi kile, ukitaka jani moja bichi ungeweza kutembea kutwa nzima usilipate. Na ugonjwa wa kuhara ulikuwa umeanza kambini, ule ambao sitaki kuueleza. Mama Souzana aliacha kucheka kwa wiki kadhaa.

Miongoni mwa wanawake wa kambini waliokuja jikoni kumenya viazi ili wapewe chakula, alikuwepo mmoja aliyeitwa Mama Mugisha. Alikuwa ameuza nyanya kwenye soko la mpakani tangu ujana wake, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kama chetu, ila aliniita mukobwa, yaani msichana. Mgongoni alikuwa na Mugisha, mtoto wa kiume ambaye alikuwa ameanza kutembea, kisha ugonjwa ukamrudisha mgongoni. Mama Mugisha alimenya viazi kwa ganda jembamba kuliko wote, na hata maganda hayo aliyachukua. Siku moja Papa Kambale alipokuwa kwa Padiri, aliniletea maji ya kunawa chumbani. Mbele yangu kulikuwa na karatasi ya zamani kuliko zote, muravumba wa Kibumba. Alisimama. Alivuta pumzi kwa pua, mara mbili.

"Huu ni muravumba," alisema.

Niliitikia kwa kichwa.

"Mukobwa, nipatie kidogo. Mutoto tumbo linamukata, tangu juzi halali. Nimetafuta Munigi yote, hakuna."

"Hapana, mama," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo kama kawaida yake. "Hii ni sumu."

Alinitazama, kisha akacheka, si kwa ubaya, kama unavyomcheka mtoto aliyesema jua ni baridi. "Muravumba, sumu? Bibi yangu alininywesha huu kabla sijaota meno." Kisha kicheko kikaisha. "Kisima ni sumu. Mtaro wenu ni sumu. Kila kitu tukiomba mji huu banasema ni sumu. Sawa." Akaweka ndoo chini na kurudi kwenye viazi. Nilibaki na sindano hewani. Nilikuwa na maneno ya kumweleza, yalikuwa yamepangana kifuani, lakini hayakupanda.

Adhuhuri tulikula. Niliporudi chumbani, karatasi ya zamani kuliko zote ilikuwa mahali pake juu ya meza, lakini ilikuwa tupu. Nyuzi zangu zilikuwa zimekatwa kwa kisu cha viazi, moja moja, kwa uangalifu, bila kuchana karatasi. Na palepale muravumba ulipokuwa, katikati kabisa, palikuwa na ushanga mmoja wa buluu. Niliutambua. Ulikuwa wa kamba ya kiunoni mwa Mugisha. Papa Kambale alinieleza baadaye kwamba kuna familia za Rutshuru na za ng'ambo ambazo hazichukui dawa bure: unapochuma unaacha kitu mahali pa jani, na mdomoni hutamki shukrani, maana ukishukuru unaikata nguvu. Lakini hata kabla sijaelezwa nilielewa kwamba yule mama hakuiba. Alikuwa amechuma. Kwake karatasi ile ilikuwa shamba kama shamba jingine. Na nilielewa pia kwamba mtoto angekunywa.

Mama Souzana alisema yule mama ameondoka kitambo kidogo, amechukua njia ya Munigi. Papa Kambale hakuwepo. Niliondoka jinsi nilivyokuwa, subana ya kushonea bado kidoleni. Njia ya Munigi inapanda, na siku ile ilikuwa imejaa watu wanaoteremka na madumu matupu, nikawa nawapenya kama mtu anayeogelea kinyume cha mto. Nilipofika juu nilisimama. Mbele yangu palikuwa na shitingi, yaani turubai za plastiki, za buluu na za kijani, zimefungwa juu ya lava nyeusi hadi macho yanapoishia, na moshi mwembamba ukitoka kati yake. Nilikuwa sijui hema lake. Hakukuwa na njia nyingine isipokuwa kuita.

"Mama Mugisha," nilisema. Mtu aliyekuwa karibu nami hakugeuka. Nikasema tena. Kisha kitu kikafunguka, sijui niseme nini, nikapiga kelele ambayo mimi mwenyewe niliisikia kana kwamba ni ya mtu mwingine: "Mama Mugishaaa!"

Wanawake watatu walitoa vichwa. Mugisha ni jina la baraka, na kila mwenye mtoto alitaka baraka. "Ni mimi!" alisema mmoja. "Ni mimi, kuna nini?" alisema wa pili, mzee kabisa. Ilinibidi nikimbie kati ya shitingi nikipiga kelele, "Mama Mugisha wa viazi! Mama Mugisha wa jikoni kwa Padiri!" Watoto walianza kunifuata wakirudia nyuma yangu, "Wa viazi! Wa viazi!" na kucheka. Mimi, msichana ambaye sokoni alinyoosha kidole tu. Mwisho mwanamume mmoja mwenye kofia ya sufu akanionyesha kwa kidevu.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga matatu. Sufuria ilikuwa juu yake. Namshukuru Mungu kwa kuni mbaya za mwaka ule: alikuwa akichoma mizizi ya nyasi na kipande cha kandambili, na moto ule ulikuwa moshi zaidi kuliko moto. Maji yalikuwa bado hayajachemka. Lakini yalikuwa yameshakuwa na rangi, na kikombe kilikuwa tayari mkononi mwake, na Mugisha alikuwa amelala juu ya mapaja yake, macho nusu wazi. Niliisukuma sufuria kwa mguu.

Asiyekuwepo mwaka ule hawezi kuelewa nilichofanya. Maji yale yalikuwa yamepandishwa kutoka ziwani, kichwani. Yaliingia kwenye nyufa za lava na kupotea palepale, na kelele ikainuka pande zote. "Amemwaga maji! Amemwaga maji ya mutoto!" Mtu alinishika shati nyuma. Mama Mugisha hakupiga kelele. Alibaki ameshika kikombe, akitazama mahali maji yalipopotelea, kisha akanitazama mimi. "Hata hiyo, mukobwa?" alisema. "Hata majani makavu?"

Na mwenye kofia ya sufu akasema, "Mutoto wa mujini. Banatuona kama si batu. Aeleze! Aeleze hapa hapa!"

Kulikuwa na jani moja lililobaki, limenata pembeni mwa sufuria, bado kavu. Nililichukua kwa pindo la sketi yangu, nikaliinua. Sauti yangu, jambo la ajabu, haikutetemeka.

"Hili jani ni la zamani kuliko mimi," nilisema. "Ni la zamani kuliko wewe, papa. Lilichumwa Kibumba kabla baba zetu hawajaoa. Tazameni. Iko na tundu?"

Mwenye kofia akasogea.

"Maharagwe mnayopewa hapa," nikasema, "yanakaa muda gani kabla hayajaliwa na wadudu?"

"Mwezi mumoja, hata haufiki," alisema bibi mmoja nyuma yake. "Ya wiki hii yameanza kutoboka."

"Basi hili limekaa ndani ya karatasi miaka yote ile. Halina tundu hata moja. Ninyi ni walimaji. Niambieni, juu ya nini wadudu hawakulila?"

Walikuwa watu wa shamba, walikuwa wamehifadhi mtama na maharagwe maisha yao yote, kwa majivu, kwa moshi, kwa kila njia, na walijua kwamba mdudu hamwachii mtu chakula kwa heshima. Bibi yule aliingia shitingini kwake, akatoka na kiganja cha maharagwe. Akaligeuza moja juani. Akalitazama jani langu. "Walilitia dawa," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Huyu mutoto anasema kweli. Walilitia dawa ya kuua." Aliyenishika shati akaniachia. Mama Mugisha alikiweka kikombe chini, mbali, kisha akaanza kufuta mikono yake kwenye lava, kwa nguvu, tena na tena, mpaka nikamshika.

"Amekunywa?" niliuliza.

"Hapana. Nilikuwa nangoja ichemke."

Mwenye kofia alisukumia majani yote na ile sufuria ndani ya ufa wa lava, akavifunika kwa mawe. Kwenye hema la wagonjwa, chini kidogo, walikuwa wakiwapa watu maji ya sukari na chumvi, na Mama Mugisha alikuwa akipaogopa, kwa sababu wengi walioingia alikuwa hajawaona wakitoka. Nilimwambia nitaingia naye. Tulikaa ndani hadi jua likaegemea, tukimnywesha mtoto kijiko kimoja baada ya kingine, yeye akishika kichwa, mimi kijiko. Mara Mugisha akakikamata kijiko kwa meno na kukataa kukiachia. Mama yake akasema, "Eh! Anauma!" na akaanza kulia na kucheka pamoja. Kabla sijaondoka nilimwahidi jambo ambalo sikujua nitalitimizaje. Nilimwambia nitamletea muravumba mbichi.

Papa Kambale alikuwa chumbani, ameketi mbele ya karatasi tupu. Nilimweleza yote, na nadhani ndiyo hotuba ndefu kuliko zote aliyowahi kusikia kutoka kwangu. Karatasi ile aliibeba katikati ya kabeji, ilikuwa ya kwanza kabisa ya rafu nzima, hakuna nyingine kama hiyo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mutoto anaishi?"

"Anaishi."

"Basi." Kisha akausogeza ushanga kwa ncha ya kalamu. "Ushone hapo hapo alipouacha. Huu nao umechumwa Munigi, mwaka huu." Nikaushona, fundo likiwa upande usioonekana. Jioni ile alifunga kufuli mlangoni, la kwanza, na Mama Souzana hakumtania.

Wiki zilizofuata tulitafuta. Mimi na yeye tulipanda hadi kila mahali ambako karatasi zilisema muravumba ulichumwa. Munigi palikuwa shitingi. Ukingo wa lava ya zamani palikuwa vumbi. Kibumba, kwenye mashamba ya viazi, mwenye shamba alitutazama kwa huruma. "Munatafuta kichaka? Papa, mimi natafuta mulango wa nyumba yangu, wamechoma hata huo." Papa Kambale alichoka, akawa anasema tutafute mwakani. Mimi nikasema hapana. Naandika neno hilo kwa furaha, maana lilikuwa la kwanza la aina yake kutoka kwangu kwa mtu mzima. Mvua za kwanza zilipoanguka tulirudi Kibumba, palepale ambapo mzungu fulani aliyekufa zamani alichuma lile tawi la karatasi tupu. Kati ya mawe kulikuwa na kisiki kilichokatwa kwa panga, cheusi, kama jino bovu. Na pembeni mwa kisiki, kila upande, kulikuwa na machipukizi. Madogo, yenye vinyweleo, yananata. Papa Kambale alipiga magoti kwenye matope na suruali yake ya kazi. Alisugua jani moja, akaninusisha mimi kwanza.

"Ni uleule," alisema. "Mutu mumoja."

Alikata vitawi vitatu. Kimoja alikibana katikati ya magazeti chini ya mawe yetu, kiwe karatasi ya mwaka ule, na hakukipaka sumu. Alisema wadudu wakija watamkuta macho. Cha pili alinipa mimi nikakipanda nyuma ya jiko. Cha tatu nilikipeleka Munigi. Mama Mugisha alikinusa kwa muda mrefu. Mugisha alikuwa amesimama kwa miguu yake, amevaa koti la mtu mzima lililofika chini, bado akikohoa kidogo. Nilingoja neno. Hakusema aksanti, na wakati ule nilikuwa nimeshajua kwa nini. Alisema tu, "Ule ushanga wangu ulikuwa haujapata dawa yake. Sasa umepata."

Baadaye vita vingine vilikuja na kambi zikavunjwa, na watu wote wale wakamwagika barabarani, wengine upande wa mpaka, wengine ndani ya misitu. Nilisimama kando ya njia siku kadhaa nikiita, kwa sauti, Mama Mugisha wa viazi. Wengi waligeuka. Yeye hakuwepo. Papa Kambale alirudi kwao Butembo, akafia huko kitandani kwake, jambo ambalo watu wengi wa kizazi chake hawakulipata. Kabati alituachia. Miaka ilipopita lava iliingia mjini, na chumba kile kirefu, na karatasi zote, na ushanga wangu wenye fundo lisiloonekana, viko chini ya jiwe ambalo sasa watu wamejengea juu. Lakini kabla lava haijafika nilikuwa nimekata vitawi vya ule muravumba wa nyuma ya jiko nikavipanda hapa, na majirani wamekata vya kwangu, na majirani zao vya kwao. Nikipita mitaani nauona kwenye nyua za watu nisiowajua. Mtu mmoja, angesema Papa Kambale.

Nilimfikia yule mama kabla hajafika barabarani. Nywele zake zilikuwa nyeupe chini ya kitambaa. Alinitazama mimi, akatazama miguu yangu mitupu, akarudi usoni, na nikaona kwamba amenijua. Kumbe watu wa sokoni walikuwa wamemwelekeza tu kwa mama mmoja wa Ndosho mwenye muravumba. Jina langu hakuwahi kulijua, aliniita mukobwa siku zote. Tulishikana mikono hatukuachia. Nilikuwa na maswali ya miaka yote ile na nikaogopa kuuliza lile moja. Nikauliza la pembeni.

"Hiyo dawa ni ya nani?"

Alilishika pindo la kitenge chake, pale majani yalipofungwa.

"Ya mutoto wa Mugisha," alisema.